Kivutio cha Saba

"Anzia mwanzo," Sajenti Bhoke Keraryo alimwambia Leodgar Wanzagi. "Nitembeze kama ulivyowatembeza wao Jumamosi. Usiruke hata kivutio kimoja."

Walikuwa wamesimama nje ya lango la makumbusho ya Butiama, saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatano, wao wawili pamoja na Konstebo Kulwa aliyebeba faili kwapani. Leodgar alikuwa mwongoza watalii, tena wa wale ambao maneno hayawaishi. Angeweza kukuonyesha kokoto ya kawaida kabisa ukaondoka ukiamini umeona ajabu. Asubuhi hiyo, hata hivyo, alikuwa akimeza mate kila baada ya sentensi mbili. Alichomoa kikaratasi cha rangi alichokuwa akiwagawia wateja wake wote, chenye kichwa kikubwa: *Musoma, Makao Makuu ya Mara. Vivutio Saba kwa Siku Moja.*

"Cha kwanza ni hapa, afande. Walikuwa kumi na mmoja, jumuiya ya kanisa, wengine wa hapahapa Butiama, wengine wa Bunda. Tulifika saa mbili, tukatoka saa nne. Halafu Musoma. Boma la zamani, kilima cha kutazamia mji, mawe ya ufukweni, soko la Mwigobero pale bandarini. Kisha boti mpaka kisiwa cha Rukuba. Hivyo ni sita."

"Na cha saba?"

"Jiwe la Fisimaji, ziwani kati ya Rukuba na mji. Hilo tuliliruka. Wingu lilikuwa limefunga."

Aliyasema hayo haraka, kama mwanafunzi aliyekariri, na Bhoke akayaandika kwenye daftari lake dogo bila kuinua macho.

Faili alilolibeba Kulwa lilikuwa limeiva. Mwalimu Isaya Burito, mstaafu wa miaka sabini na moja, mwenyeji wa Butiama, alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Jumapili adhuhuri wavuvi walimkuta akielea ziwani upande wa Rukuba, hana jeraha, hana viatu, hana jaketi la kujiokolea. Daktari alisema amekufa maji. Leodgar na nahodha wake, Masanja, walikuwa wameeleza kwa maandishi kwamba Jumamosi saa kumi na mbili jioni walimshusha Mwigobero, mzima wa afya, pamoja na wenzake. Sasa mtu aliyeshuka botini salama harudi ziwani mwenyewe gizani. Lazima alirudishwa. Na wa kumrudisha alipatikana upesi mno: Ngusa, mkulima wa pamba wa Bunda, mume wa Nyamburi, binti wa Mwalimu, naye mmoja wa wale kumi na mmoja.

Ngusa alikuwa na kila kitu ambacho mpelelezi anakitafuta kwa mtuhumiwa. Jumamosi hiyohiyo, palepale makumbusho, Mwalimu alikuwa amemwambia mbele za watu kwamba akithubutu kuoa mke wa pili, Nyamburi anarudi Butiama na watoto wake. Ngusa akajibu, "Mzee, utakuja kujuta." Watu wanne walimsikia. Tena alidanganya. Alisema alipanda gari la Bunda saa kumi na mbili na nusu, kumbe saa mbili usiku alionekana Bweri, bado hapohapo Musoma, na alipoulizwa alifuata nini Bweri akawa bubu. Kesho yake, Alhamisi, alikuwa anapelekwa mahakamani kwa kosa la mauaji. Akishafika huko, hatoki leo wala kesho.

Kesi nzuri, wakubwa walimsifia. Lakini Bhoke tangu Jumapili alikuwa hapati usingizi, na sababu haikuwamo kwenye faili.

Jumamosi, saa mbili na dakika tano usiku, yeye ndiye aliyekuwa zamu mezani. Simu ikaita. Mwanamke akasema baba yake hajafika nyumbani, simu yake inaita haipokelewi, mwongozaji anasema watu wote walishuka. Bhoke alikuwa amechoka, mbele yake kuna walevi wawili wanagombania baiskeli. Akamjibu maneno aliyokuwa amekwisha kuyajibu mara nyingi kwa miaka kumi na minne: "Dada, mtu mzima hapotei kwa saa mbili. Subiri saa ishirini na nne zipite, ndipo uje." Akakata. Hakuandika popote. Jumatatu Nyamburi alipokuja kulia kwamba alipiga simu, mkuu akafungua kitabu cha matukio, akapekua, akasema hakuna simu kama hiyo. Bhoke alikuwa amesimama hapohapo. Akatazama kalenda ukutani.

Ndiyo maana alimkamata Ngusa kwa kasi vile. Kama Mwalimu aliuawa saa moja usiku, basi ile simu ya saa mbili ilikuwa imeshachelewa, na jibu lake halikumdhuru mtu. Bhoke alikuwa anamhitaji muuaji. Aliijua haja hiyo, na aliionea aibu.

Angeendelea hivyohivyo kama si Kulwa, konstebo asiyejua wakati wa kunyamaza. Jana yake alikuwa ameinua kichwa kwenye makaratasi akauliza, "Afande, Rukuba hadi Mwigobero kwa injini ni saa moja. Hawa waliondoka saa kumi, wakafika saa kumi na mbili. Saa moja nyingine ilienda wapi?"

Bhoke alifunga daftari. "Kabla ya kwenda Musoma," alimwambia Leodgar, "tumsalimie Mama Benedikta. Si anakaa hapa nyuma tu?"

Leodgar akafuata.

Mama Benedikta, mkubwa wa wale wasafiri baada ya Mwalimu, walimkuta uani kwake akipepeta ulezi, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa ajili ya nyonga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea habari ya mwili? Mwalimu tumzike lini? Watu wanalala matangani siku ya tatu hii, marehemu mwenyewe hayupo."

"Mtampata karibuni, mama. Nimekuja uniambie siku ile ilivyokuwa."

"Si uliniuliza kwenye simu? Uliniuliza kama Ngusa aligombana na Mwalimu, nikakwambia waligombana. Hukuniulizaga kingine."

Kulwa aliangalia pembeni. Bhoke akavuta kigoda akakaa. "Leo nauliza vyote. Katika yote uliyoonyeshwa, ulipenda nini?"

Uso wa mama ulifunguka. "Fisimaji! Mie nimezaliwa hapa, ziwa liko palepale, na miaka yote hii nilikuwa sijawahi kuwaona. Watatu! Mmoja kashika sato mdomoni, anatutazama kama anatukaribisha chakula."

Leodgar aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

"Uliwaona wapi?" Bhoke aliuliza taratibu.

"Si pale kwenye Jiwe! Tulipotoka Rukuba. Mwalimu ndiye alinionyesha. Akaniambia upande wa pili lazima kuna watoto wao, anaenda kuwaangalia. Na mie na nyonga hii, nikabaki. Yule mtu alikuwaga hivyo, hawezi kuona kitu nusu."

"Mlikuwa mmevaa majaketi?"

"Juani pale? Tulivua wote, tukayarundika chini pale boti ilipofungwa. Mara wingu hilo, likaja jeusi, Leodgar anaita watu, haraka, haraka, mvua. Nikafika kwenye majaketi yamebaki mawili. Moja nikavaa. Lingine nikalikalia, maana mbao za boti ya Masanja, mwanangu, zinaua mtu. Nikaona pia si vizuri liachwe…"

Ungo ulisimama mikononi mwake. Punje chache zikadondoka chini, kuku akazikimbilia.

"Mwanangu," alisema baadaye, kwa sauti nyingine kabisa. "Lile la kukalia lilikuwa la nani?"

Bhoke alimwinamia. Alimshika bega, akainuka, akatoka. Nyuma yao mama alianza kuomba rozari kwa sauti ya kukosa pumzi.

Wakashika barabara ya Musoma. Boma la zamani walilipita, na kilima, na mawe ya ufukweni ambayo watu huyapiga picha, bila hata kupunguza mwendo. Mwigobero, katikati ya harufu ya dagaa na kelele za wapakua mizigo, Masanja alikuwa anawasubiri botini. Alimwona Leodgar uso wake, akavua kofia.

"Amejua?" aliuliza.

"Twende cha saba," Leodgar alisema.

Bhoke aliwaacha mpaka mji ukabaki nyuma. Kisha akamwambia Masanja apunguze injini ili wasikilizane.

"Majaketi mangapi uliyapokea Mwigobero, Leodgar?"

"Kumi na moja, afande. Niliyahesabu mara mbili."

"Na watu?"

Leodgar alitazama maji. "Watu sikuhesabu."

"Kwa nini?"

"Afande, na wewe ni mtu wa Mara. Unaniulizaje hilo? Kwetu watu hatuhesabugi. Marehemu babu yangu ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anakwambia nenda kahesabu mbuzi. Ukiwanyooshea watu kidole, mmoja, wawili, watatu, unamwita mmoja wao aondoke. Na wale ni wazee, wangenichukia. Kwa hiyo mimi nahesabuga majaketi. Miaka sita. Kila mtu na jaketi lake, yakitimia, watu wametimia. Siku ile nikaangalia pale chini kwenye Jiwe, hakuna jaketi hata moja. Nikamwambia Masanja ng'oa nanga."

Bhoke alitaka kumkaripia ikashindikana. Bibi yake, kule Tarime, alikuwa akimfinya mgeni yeyote aliyeuliza nyumba ile ina watoto wangapi. Mpaka leo, na vyeo vyake, Bhoke mwenyewe akiulizwa hivyo alijibu "wapo" tu, basi.

"Na mkwe wake? Ngusa alikuwa botini. Hakuona kwamba mzee hayupo?"

"Ngusa alikaa mbele kabisa, mgongo ametugeuzia," Masanja aliingilia. "Mkwe ataangaliana na baba mkwe usoni, tena wametoka kugombana? Alikaa hivyo kwenda, akakaa hivyo kurudi. Tulipofika, mvua inapiga, kila mtu kakimbia kivyake. Wa Bunda wanadhani kaenda na wa Butiama. Wa Butiama wanadhani kalala Bweri kwa ndugu."

"Nanyi mlijua lini?"

Masanja alimtazama Leodgar.

"Jumapili," Leodgar alisema. "Niliposikia kaokotwa hana jaketi. Nikarudi kuyahesabu tena. Kumi na moja. Nikaelewa, afande. Nikamfuata Masanja, nikamwambia cha saba hatukwenda. Masanja hakutaka. Nilimlazimisha mimi."

"Ukamwacha Ngusa akae mahabusu."

"Nilisema watamwachia tu, maana hana kosa." Alifuta uso kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyemuua Mwalimu. Alinifundisha darasa la tatu. Niandikie hivyohivyo."

Jiwe la Fisimaji lilikuwa mawe makubwa manne yaliyobebana, na kichaka kimoja, na mavi meupe ya ndege kila mahali. Mtu angelizunguka kwa dakika kumi. Bhoke alimwacha Leodgar botini na Masanja, akapanda na Kulwa. Walitembea kwa utaratibu, Kulwa kulia, yeye kushoto, macho chini.

Upande wa pili, chini ya jiwe lililoinama kidogo na kufanya kivuli, walivikuta. Viatu vyeusi vya ngozi, jozi, vimepangwa visigino pamoja, soksi zimekunjwa ndani. Juu yake mfuko wa plastiki umefungwa kwa fundo na kuwekewa jiwe usipeperuke. Kulwa alipiga picha kwanza, akavaa glavu, akafungua. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea, kalamu nyekundu, na kikaratasi cha rangi. *Vivutio Saba kwa Siku Moja.* Kila kivutio kilikuwa kimewekewa alama ya vema kwa wino mwekundu, hata kile cha saba. Nyuma palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima.

"Nisome, afande?"

"Soma."

Kulwa alisoma. "*Saa 11.20 jioni. Boti imeondoka. Nilikuwa upande wa pili, na masikio yangu haya sikusikia wito. Watagundua, watarudi. Saa 12.50. Mvua imekatika. Simu niliiacha kwenye basi ikichajiwa. Uzembe wangu.*" Alikohoa kidogo. "*Saa 2 usiku. Nyamburi atakuwa amekwisha kuwapigia polisi. Nikae hapahapa, nisihame, wasije wakanikosa.*"

Bhoke aligeuka akatazama ziwa. Lilikuwa tulivu, na Rukuba ilionekana vizuri, na kule ng'ambo Musoma yenyewe ilionekana, mabati yakimeremeta. Boti ya polisi ingefika hapa kwa dakika arobaini. Alikuwa amekwisha kuipigia hesabu njiani bila kutaka.

"Endelea."

"*Saa 7. Baridi. Bado wako njiani. Saa 12 alfajiri. Mtumbwi unapita. Nimeita, hawanisikii. Naogelea. Viatu naviacha hapa, nitavifuata.*" Kulwa aliingiza karatasi kwenye bahasha ya vielelezo, polepole, akiogopa kuikunja. "Alijua bintiye atapiga. Si ndiye yule alikuwa analia Jumatatu kwamba alipiga? Na kitabuni hamna kitu." Alimtazama bosi wake. "Zamu Jumamosi alikuwa nani, afande?"

"Beba viatu," Bhoke alisema. "Usivitenganishe."

Waliporudi kituoni ilikuwa imekaribia saa kumi. Leodgar na Masanja waliandika maelezo yao upya, kila mmoja peke yake, na safari hii yalifanana hadi dakika. Bhoke aliingia kwa mkuu, akatoka na karatasi ya kumwachia Ngusa. Alipitia mezani, akavuta kitabu cha matukio, akakifungua Jumamosi.

Chini ya ukurasa, baada ya walevi na baiskeli yao, palikuwa pamebaki mstari mmoja mtupu. Mmoja tu, unatosha kabisa. *Saa 2.05, simu, mwanamke, baba hajarudi, ameelekezwa kufika kituoni.* Kalamu ilikuwa hapo, imefungwa kwa kamba yake. Wino ulikuwa uleule. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa mkuu aliyekwisha kukipekua, na huyo asingependa kukumbuka. Bhoke aliutazama mstari ule mpaka macho yakamuuma, kisha akakifunga kitabu.

Nyamburi alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni na hotipoti ya mumewe mapajani, kama alivyokuja kila siku tangu Jumatatu. Mwanamke huyu alikuwa ameletewa misiba miwili kwa wiki moja, baba kwenye chumba cha maiti na mume mahabusu, na bado alikuwa anapika. Bhoke alikaa pembeni yake. Kulwa alisimama mbele yao na karatasi zake.

"Ngusa anatoka leo," Bhoke alimwambia. "Hakumgusa baba yako. Aliyoyafuata Bweri atakueleza wewe, si sisi."

Nyamburi alifumba macho. Kisha akauliza, "Basi nani?"

Bhoke alimweleza yote kwa mpangilio, Jiwe, majaketi, mama aliyekalia lile moja, mwongozaji asiyehesabu watu. Hakuongeza wala hakupunguza. Kisha akamwomba Kulwa ile bahasha, akamwachia asome kupitia plastiki.

Nyamburi alisoma akifuatisha kwa kidole. Alipofika katikati kidole kilisimama. Alirudia mstari ule mara ya pili na ya tatu.

"Alijua nitapiga," alisema. "Baba alijua. Na nilipiga, dada. Kweli nilipiga. Mkasema hapa hakuna simu, mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe, nikasema labda kwa kuchanganyikiwa nilipiga kwingine."

"Ulipiga hapa. Saa mbili na dakika tano."

Nyamburi aliinua uso. "Umejuaje na dakika?"

Bhoke alivua kofia yake akaiweka kwenye benchi, akamgeukia Kulwa.

"Chukua karatasi nyingine," alisema. "Maelezo ya shahidi. Jina, Bhoke Keraryo. Kazi, askari polisi. Andika kwamba Jumamosi usiku nilikuwa zamu, na simu niliipokea mimi."